Mlima Hausamehi

Mvua za mwisho wa mwaka zinapokolea, uwanda wa Kitulo hugeuka. Nyasi fupi zilizokuwa kahawia kipupwe kizima, zilizopigwa na baridi na mara nyingi na moto, huanza kufunikwa na maua: meupe, ya njano, ya zambarau, mekundu ya kukoza, bonde baada ya bonde, mpaka Machi na Aprili. Uwanda huo uko mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari, umezungukwa na milima ya Kipengere, Uporoto na Livingstone, Mbeya upande mmoja na Makete upande wa pili. Wenyeji waliuita Bustani ya Mungu kabla serikali haijaufanya hifadhi ya taifa mwaka 2005. Wataalamu wa mimea wameorodhesha humo aina zipatazo 350, na 45 kati ya hizo ni okidi zinazoota ardhini. Asubuhi ukungu unapoachia, umande ungali juu ya majani, mtu hahitaji kuambiwa na mhubiri kwamba dunia hii ina Mwenyewe.

Naomba, ndugu msomaji, tuitazame okidi kwa karibu, kwa maana ndani yake mna jambo ambalo macho hayaoni. Tunda lake likikauka na kupasuka hutoa mbegu maelfu kwa maelfu, ndogo mno, vumbi tupu machoni, na upepo huzichukua unakotaka. Sasa fikiri mbegu ya harage. Harage huzaliwa na akiba yake: wanga na protini zinazolisha chipukizi mpaka jani la kwanza lipate jua. Mbegu ya okidi haina akiba hiyo. Ina kiini na ganda jembamba, basi. Ikianguka penye udongo mzuri, ikanyeshewa, ikapata joto, bado haitaota kwa nguvu zake. Ni lazima kuvu ya ardhini, nyuzi nyembamba zinazoishi gizani, iingie ndani ya mbegu hiyo na kuilisha. Huilisha kwa wiki, kwa miezi, na kwa aina nyingine kwa miaka, kabla mche haujatoa jani la kujitafutia chakula. Kila okidi inayochanua Kitulo ilianza maisha yake ikilishwa na mwingine, haina cha kulipa wala cha kuahidi.

Nimewaza mara nyingi kwamba mhubiri akitaka kufundisha neema, angeweza kupanda Kitulo na kuishia hapo. Asiye na kitu amelishwa mpaka amechanua. Ni kweli, ni maajabu, na Muumba asifiwe kwa ajili yake. Lakini Injili inasema jambo zaidi ya hilo, na kama hatutakuwa waangalifu, uzuri wa Kitulo utatufanya tulisahau. Mbegu ya okidi ni maskini. Haijaikosea kuvu inayoilisha. Haikuisaliti, haikuitemea mate, haikuitundika popote. Mtume Paulo alipowaandikia Warumi alilipima jambo hili kwa makini sana. Alikubali kwamba huenda akapatikana mtu wa kuthubutu kufa kwa ajili ya mtu mwema. Kisha akasema Kristo alikufa tulipokuwa wenye dhambi, tulipokuwa adui. Mhitaji kupewa, uumbaji unajua; tunauona kila siku, kwa mama na mwanawe, kwa mti na ndege. Adui kupewa, tena apewe na yule aliyemkosea, kwa gharama ya uhai wa mtoaji: hilo nimelitafuta milimani kote na sijaliona.

Tushuke kutoka Kitulo mpaka Rungwe. Hapa ndipo matawi ya Bonde la Ufa yanapokutana, moja likija kutoka Rukwa, moja likielekea Usangu, moja likishuka ziwa Nyasa, na penye makutano hayo ardhi ilipasuka na kutoa moto. Rungwe wenyewe una karibu mita 2,960. Kiasi cha miaka 4,000 iliyopita ulilipuka kwa kishindo kilichotawanya mawe mepesi na majivu mbali sana. Kyejo, jirani yake, ulitema lava kiasi cha miaka 200 tu iliyopita. Majivu hayo ndiyo udongo mweusi unaolisha migomba, chai na viazi vya Rungwe leo, na mvua ya hapo ni miongoni mwa mvua kubwa kuliko zote Tanzania. Juu ya mto Kiwira, karibu na Tukuyu, liko Daraja la Mungu. Lava ilitiririka bondeni, ikapoa, ikawa jiwe, na mto ukaendelea kupita chini yake. Wahubiri wa huku hulipenda daraja hilo, na si ajabu: mwanadamu upande huu, Mungu upande ule, na Kristo katikati. Nami hulifurahia kila nilisikiapo. Ila jiwe lile halikuamua kulala pale, wala halimjui avukaye.

Mlima hausamehi. Watu wa Rungwe wanalijua hilo kuliko mimi. Kata msitu kwenye mteremko, na mvua ile ile iliyokuwa baraka inateremsha udongo wako mpaka Kyela. Ukilia, mlima hausikii. Ukitubu, udongo haupandi tena. Kitulo vivyo hivyo: kwa miaka mingi viazi vya okidi vilichimbwa kwa mamilioni na kuvushwa mpaka Zambia, ambako hupikwa chakula kiitwacho chikanda, na hiyo ni sababu mojawapo kubwa ya uwanda ule kufanywa hifadhi. Kiazi kikishang'olewa, ua halichipui mwakani kwa kuwa mchimbaji amejuta. Mungu ameiwekea dunia sheria, na sheria hiyo ni njema, maana bila hiyo tusingeweza kulima wala kujenga. Ila msamaha haumo humo. Zaburi zinasema mbingu zahubiri utukufu, na milima ya kusini inahubiri utukufu kwa sauti kubwa. Habari ya upatanisho haikuandikwa juu ya mawe ya Rungwe. Ililazimu iletwe na watu, kwa miguu, nao waliileta katika mwezi wa damu.

Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, Uhehe, mashujaa wa Mtwa Mkwawa waliuangamiza msafara wa kijeshi wa Wajerumani, na kamanda wao Emil von Zelewski akauawa. Mwezi ule ule, upande wa pili wa nyanda hizi, Wamoravian wachache kutoka Ujerumani, akiwemo Theodor Meyer, walianzisha kituo chini ya mlima Rungwe. Wamisionari wa Berlin wakiongozwa na Alexander Merensky nao walifika mwaka huo kwa Wanyakyusa. Kwa hiyo Wajerumani wa bunduki na Wajerumani wa Biblia waliingia Nyanda za Juu Kusini kwa msimu mmoja, na mwenyeji aliyewaona hakuwa na sababu ya kudhani kwamba ni watu wa aina mbili. Tusilifiche hilo tunaposherehekea historia ya makanisa yetu. Habari ya Mungu aliyewafia adui zake ililetwa huku na ndugu za watu waliokuja kuua.

Nchi yenyewe ilikuwa imechoka kwa mateka. Wasangu, Wahehe, Wangoni na Wabemba walikuwa wamevamiana kwa miongo. Karonga, ng'ambo ya mto Songwe, mfanyabiashara Mlozi aliuza watu mpaka Waingereza walipomshinda na kumnyonga mwaka 1895. Vituo vya misheni vikajaa wakimbizi na watu waliookolewa utumwani. Utengule, nje kidogo ya mji wa Mbeya wa leo, Elise Kootz-Kretschmer, mke wa mmisionari wa Kimoravian, alikaa na wanawake waliokuwa wameyapitia hayo na kuandika maisha yao kama walivyoyasimulia. Mmoja aliitwa Narwimba, mwingine Chisi. Miaka mingi baadaye mwanahistoria Marcia Wright aliyarudisha maandiko hayo mbele ya wasomaji katika kitabu cha mwaka 1993 kuhusu wanawake na watumwa wa ukanda huu. Ukiyasoma unakutana na jambo ambalo hufundishwi katika darasa la kipaimara. Wanawake wale walitekwa, na zaidi ya kutekwa, walikuwa malipo. Mtu wa ukoo alipokosa, alipodaiwa, alipotakiwa fidia, binti au mjane asiye na mtetezi aliweza kutolewa ili kesi iishe. Walipita mkono kwa mkono, wengine tangu utotoni, wakilipia makosa ambayo si yao.

Sasa keti nao siku ya Ijumaa Kuu. Mhubiri anasimama na kusema: Yesu alitolewa kuwa fidia ya dhambi zetu, asiye na hatia kwa ajili ya wenye hatia. Sisi tumelisikia neno hilo mara nyingi mno hata halituumi. Kwa mwanamke wa Utengule lilikuwa neno la kutisha, kwa maana alijua hasa maana ya asiye na hatia kutolewa alipie. Alikwisha kuwa yeye. Angekuwa na haki ya kuuliza: huyu naye nani alimtoa? Baba yake? Basi Mungu ni kama wazee wa ukoo wangu, walionitoa mimi ili wao walale salama?

Swali hilo ni zito, na baadhi ya mahubiri ninayoyasikia hayalijibu. Yanamchora Baba mwenye hasira anayedai damu, na Mwana mpole anayetolewa ili Baba atulie. Kanisa la kale halikuridhika na picha rahisi za namna hiyo. Katika karne ya nne Gregori wa Nisa alifundisha kwamba fidia ililipwa kwa shetani, aliyekuwa ametushika mateka. Gregori mwenziwe, wa Nazianzo, alilikataa wazo hilo kwa uchungu: mnyang'anyi alipwe, tena alipwe Mungu mwenyewe? Akauliza pia, kama ililipwa kwa Baba, ni kwa nini, maana sisi hatukuwa mateka wa Baba. Mwaka 1098 Anselm, askofu mkuu wa Canterbury, alieleza kwamba heshima ya Mungu iliyovunjwa ilidai malipo ambayo mwanadamu alipaswa kuyatoa na Mungu pekee angeweza, ndipo Mungu akawa mtu. Mwaka 1930 Msweden Gustaf Aulén akawarudisha watu kwa mababa wa kale: msalaba ni vita, na Kristo ni mshindi wa dhambi, mauti na shetani. Wote hao waliushika ukweli fulani. Mimi nikimkumbuka mwanamke yule wa Utengule, naona jambo moja haliwezi kuachwa kwa vyovyote: katika Injili hakuna mnyonge aliyesukumwa mbele ili mwenye nguvu apone. Aliyetoa na aliyetolewa ni Mungu yule yule. Katika Injili ya Yohana Yesu anasema wazi kwamba hakuna auondoaye uhai wake. Yeye mwenyewe autoa. Hilo ndilo lingeweza kumfanya mwanamke aliyekuwa malipo asimame na kuimba. Kwa mara ya kwanza amesikia habari ya Mkuu ambaye kesi ilipofika mlangoni hakutafuta binti wa kumtoa. Alitoka yeye.

Na Wanyakyusa walikuwa na elimu yao juu ya mambo haya kabla Meyer hajapiga hema. Monica Wilson, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti Rungwe pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1957 kuhusu tambiko za ukoo jinsi walivyoiona hasira. Hasira iliyofichwa moyoni huleta ugonjwa na mikosi. Ng'ombe aweza kuchinjwa, pombe ikamwagwa, maneno yote ya wahenga yakasemwa, na tambiko lisifae kitu ikiwa ndugu wamekaa pale na kinyongo. Kwanza waseme. Kila mwenye neno alitoe hadharani, alitaje kosa alilofanyiwa na ghadhabu aliyoiweka. Kisha huchukua maji kinywani na kuyapuliza nje, kuonyesha kwamba hasira imetoka na haikubaki tumboni.

Naliheshimu sana jambo hili, na nadhani tulilipoteza mapema mno tulipoambiwa kwamba yote ya wazee ni giza. Wazee wale walijua kwamba damu ya mnyama haipatanishi watu ambao mioyo yao haijasema. Manabii wa Israeli walipiga kelele karne nyingi kwa sababu hiyo hiyo. Tena linatupa njia ya kuuona msalaba ambayo siipati kwa Anselm. Pale Golgotha ghadhabu yote iliyofichwa inasemwa: wivu wa makuhani, woga wa Pilato, usaliti wa rafiki, kelele za umati uliokuwa ukiimba juzi. Wanadamu wanaitoa yote hadharani, juu ya mwili mmoja. Na Mungu, yule anayeitwa Kyala katika Biblia ya Kinyakyusa, anapopata nafasi ya kusema neno lake, mwenye haki ya hasira kuliko wote, anaomba wasamehewe. Paulo anawaandikia Wakorintho kwamba Mungu alikuwa ndani ya Kristo akiupatanisha ulimwengu na nafsi yake. Hasemi kwamba Kristo alimpatanisha Mungu aliyekuwa amegoma. Mwenye kukosewa ndiye aliyetangulia kufika.

Padre Charles Nyamiti, mwanateolojia wa Tanzania, aliandika mwaka 1984 kitabu kinachomtafakari Kristo kama mhenga wetu, ndugu aliyetangulia ambaye kupitia kwake uhai hutufikia. Wapo wanaoogopa lugha hiyo. Mimi naona imechelewa kufika kwenye mimbari zetu.

Twende Iringa. Julai 1898, baada ya miaka ya kuwindwa, Mkwawa alijipiga risasi Mlambalasi ili asikamatwe. Kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Vita vya kwanza vya dunia vilipokwisha, mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, katika kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani irudishe fuvu hilo ndani ya miezi sita. Halikurudi. Gavana Edward Twining alilitafuta katika jumba la makumbusho la Bremen, na Juni 1954 alilikabidhi Kalenga kwa Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa Mtwa, aliyekuja kuwa Spika wa Bunge letu. Mtu akienda Kalenga leo atalikuta ndani ya kioo. Yapo mambo ambayo mkataba wa mataifa makubwa hauwezi kuyamaliza, na fuvu lile ni ushahidi. Kurudisha kilichoibwa ni lazima, tena ni mwanzo tu. Tarehe 1 Novemba 2023, Rais wa Ujerumani Frank-Walter Steinmeier alisimama Songea na kuomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatenda wahenga wetu katika vita vya Majimaji. Ilichukua zaidi ya miaka mia moja mtu wa cheo hicho kulisema neno hilo mbele ya wajukuu. Nimewasikia wanaosema maneno hayana thamani bila fedha. Madai ya fidia ni ya haki na yafuatiliwe. Lakini wazee wa Rungwe wangetukumbusha kwamba kosa lisilosemwa haliponi hata ng'ombe wakichinjwa zizi zima.

Na makaburi yetu ya huku yana jambo lake. Wamoravian tangu mwaka 1732, kule Herrnhut, hukusanyika makaburini alfajiri ya Pasaka, na desturi hiyo ilikuja nao Rungwe na kuenea majimbo yote. Juma zima la mateso husoma habari za mwisho za Yesu siku kwa siku. Jumapili gizani huelekea walikolala wafu wao, kwa nyimbo na tarumbeta, wakingoja jua. Mbeya alfajiri ya Aprili ni baridi kali. Kina mama hujifunga vitenge mara mbili, watoto hubebwa mgongoni. Nembo ya kanisa hilo ni Mwanakondoo aliyebeba bendera ya ushindi, na sijaona mahali inapoeleweka vizuri kuliko pale. Simba kubeba bendera kusingemshangaza mtu. Hapa ameibeba yule aliyechinjwa. Watu wanaposimama juu ya kaburi la mtoto wao na kukiri kwamba Kristo amefufuka, mjadala wa Gregori na Gregori unakuwa umepata makazi. Fidia, ushindi, upatanisho, vyote viko pale makaburini, na mama aliyefiwa hahitaji kuchagua kimoja.

Hapo ndipo ninapoumia nikitazama yanayofanyika katika miji yetu. Mbeya ina makanisa kila mtaa. Jumapili spika hujibizana kutoka Mwanjelwa mpaka Uyole, na sina neno baya juu ya watu kusali. Wapo walokole wa huku ambao wokovu uliwatoa kwenye ulevi, ukawarudisha kwa wake zao, ukawafundisha kulipa madeni, na mimi namshukuru Mungu kwa ajili yao. Ninalolilaumu ni biashara iliyoingia. Mtu anaambiwa amefungwa na laana ya ukoo, na ili afunguliwe atoe sadaka ya ukombozi, kiasi kinatajwa, namba ya simu ya kutumia fedha inatangazwa. Mjane anauza kuku, anauza debe la mahindi ya mbegu. Huko ni kumrudisha mwanamke wa Utengule mnadani. Kama Mwana wa Mungu alikuwa fidia, hesabu imefungwa, na yeyote anayeifungua upya ili yeye akusanye anasema kwa matendo kwamba msalaba haukutosha. Maaskofu na wachungaji wa nyanda hizi, wa Moravian, wa KKKT, Wakatoliki, Waanglikana na Wapentekoste waaminifu, ambao ni wengi, walikemee hili kwa jina lake na kwa sauti moja.

Sadaka ya shukrani ni jambo jingine kabisa, na malipizi ni jambo jingine pia. Zakayo hakununua wokovu. Yesu alikwisha kuingia nyumbani mwake ndipo aliposimama na kusema atarudisha mara nne kwa aliowadhulumu. Aliyesamehewa hurudisha, kwa sababu sasa anaweza kuwatazama usoni aliowaumiza.

Na kati ya tuliowaumiza, wapo wasio na kinywa. Paulo anasema viumbe vyote vinaugua pamoja nasi vikingoja, na katika waraka kwa Wakolosai anafika mbali zaidi: kwa damu ya msalaba Mungu alipatanisha na nafsi yake vitu vyote, vya duniani na vya mbinguni. Vitu vyote. Msitu wa Rungwe, ambamo mwaka 2003 watafiti walimkuta kipunji, kima ambaye wawindaji wa hapo walimfahamu kwa jina na sayansi ilikuwa haijamwandika, umo katika neno hilo. Mto Ruaha Mkuu umo.

Mto huo unaanzia katika milima hii hii ya Uporoto na Kipengere. Unashuka Usangu, unaenea katika kinamasi cha Ihefu, unatoka kuingia hifadhi ya Ruaha, kisha Mtera, na mwisho unaufikia Rufiji. Tangu mwaka 1993 umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya hifadhi, viboko wakirundikana katika madimbwi ya tope. Maji huchepushwa Mbarali kwa mashamba ya mpunga, mifugo ilizidi katika kinamasi, miti ya vyanzo ilikatwa. Serikali iliwaondoa wafugaji Usangu mwaka 2006 na 2007, kwa machungu ambayo wengi hawajayasahau, na mwaka 2008 eneo lile likaunganishwa na hifadhi. Mto bado haujapona. Wafugaji walilipa sehemu kubwa ya gharama. Wenye mifereji wameguswa kidogo.

Mpunga ukishavunwa, mifereji mingi hubaki wazi na maji humwagika juu ya mashamba matupu. Wenye mifereji hiyo wengi ni Wakristo waliobatizwa, wanaokiri kila Jumapili kwamba wamesamehewa, nami naamini kwamba wamesamehewa. Kuwahubiria damu ya Kristo bila kuutaja mfereji ni kuwanyima sehemu ya habari njema, ile sehemu ya Zakayo, ambapo mtu aliyepokea bure anapata furaha ya kurudisha. Wachungaji na makatekista wa Mbarali wanaweza kulisema hilo mimbarani kwa majina ya mifereji yenyewe, na wakalisema Juni, mavuno yakiisha, wakati mtoni bado kuna maji ya kuachiwa yateremke Iringa.